Kuunganisha kibonyezo cha Morse na kompyuta kwenye redio ya ridhaa

Kwa redio, tundu lililoandikwa KEY ni swichi tu. Ncha ya plagi ikigusana na ethi (waya wa ardhi, unaofika kwenye mwili wa plagi), redio inarusha, zikiachana, inanyamaza. Haijui kama aliyezigusanisha ni mkono, chipu au kompyuta.

Kabla ya kulehemu chochote, pima tundu lenyewe. Washa redio, chomeka plagi tupu, weka waya mwekundu wa multimita kwenye ncha na mweusi kwenye mwili wa plagi. Redio za transista husoma volti chache chanya, na mkondo plagi inapofungwa ni mdogo sana. Redio za zamani za vali ni habari nyingine: nyingine hutoa makumi ya volti hasi, nyingine volti chanya zinazoweza kupita mia. Hizo zinatetemesha mkono na zinaua transista ndogo mara moja. Kwa hizo tumia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na ushike waya redio ikiwa imezimwa.

Kibonyezo cha kawaida, kile cha mkono mmoja wa chuma, kina nyaya mbili: moja iende kwenye ncha, nyingine kwenye mwili. Tumia plagi ya stirio hata kama nyaya ni mbili tu, na pete ya katikati uiache wazi. Sababu ni hii: plagi ya mono haina pete, na ikiingia kwenye tundu la stirio mwili wake hugusa sehemu ya pete. Redio iliyowekwa kwa ajili ya padeli (kibonyezo cha vibao viwili, kimoja cha nukta za Morse, kingine cha mistari) itadhani upande wa mistari umebanwa, nayo itarusha mistari mfululizo bila mtu kugusa kitu. Wengi hufungua redio kutafuta hitilafu wakati kosa ni plagi ya bei chee.

Padeli, inayobanwa kwa kidole gumba na cha shahada, ina nyaya tatu: nukta kwenye ncha, mistari kwenye pete, ethi kwenye mwili. Zikitoka kinyume, usilehemu upya. Redio nyingi zina mpangilio wa kugeuza pande. Angalia pia ukubwa wa tundu. IC-7300 ya Icom ina tundu la milimita 6.35, FT-818 ya Yaesu ina la milimita 3.5. Adapta ya katikati iwe ya stirio, la sivyo unarudi kwenye kosa lile lile. Kisha mwambie redio umechomeka nini: kwenye IC-7300 ni Key Type, ndani ya menyu ya CW-KEY SET (CW ni jina la Morse redioni).

Sasa kompyuta. Kama redio yako ina USB inayobeba amri, huenda huhitaji kulehemu kabisa. Kwa IC-7300, sakinisha draiva ya Silicon Labs kabla ya kuchomeka kebo, halafu nenda SET, Connectors, uweke USB Keying (CW) kuwa DTR na USB SEND kuwa RTS, ambazo ni ishara mbili za poti ya kompyuta zinazoweza kuwashwa na kuzimwa. Kwenye programu (fldigi au N1MM Logger+, kwa mfano) chagua vivyo hivyo: DTR kwa Morse, RTS kwa kurusha. Padeli inabaki kwenye tundu lake.

Redio isiyo na njia hiyo inahitaji sakiti ndogo. Vifaa: adapta ya USB yenye plagi ya pini 9 (poti ya RS-232), transista 2N2222, rezista ya kilo-omu 1 na dayodi 1N4148. Pini 4, ambayo ni DTR, ipite kwenye rezista hadi besi ya transista (miguu yake mitatu ni besi, emita na kolekta). Emita iende pini 5 na kwenye mwili wa plagi ya redio. Kolekta iende kwenye ncha. Dayodi ikae kati ya besi na emita, upande wenye mstari ukielekea besi. Usiiruke: poti hii ikipumzika hutoa volti hasi, mara nyingine 12, na besi ya transista hii haijatengenezwa kuhimili zaidi ya 5 au 6 za kinyume. Soma pia karatasi ya transista uliyonunua, maana PN2222A na P2N2222A zinafanana kwa macho lakini emita na kolekta zimebadilishana nafasi.

Vimoduli vidogo vya FT232 (chipu ya kugeuza USB kuwa poti kama hiyo) vyenye pini wazi ni mtego. DTR yake ikipumzika iko juu, sio chini, kwa hiyo sakiti hiyo itarusha muda wote. Hapo tumia optokapla PC817 (swichi inayowashwa kwa mwanga ndani yake, bila waya kuunganisha pande zake mbili): pini 1 kwenye volti 5 za kimoduli kupitia rezista ya kilo-omu 1, pini 2 kwenye DTR, pini 3 kwenye mwili wa plagi, pini 4 kwenye ncha. Binafsi ningeitumia hata pasipolazimu, kwa sababu inatenganisha ethi ya kompyuta na ya redio, na mvumo mwingi unaishia hapo.

Jaribu BK-IN (kitufe kinachoruhusu kibonyezo kurusha) ikiwa imezimwa. Redio italia masikioni mwako bila kurusha. Programu ikituma, volti kwenye ncha lazima ishuke chini ya 0.5. Kompyuta inapowaka, au programu inapofungua poti, DTR inaweza kupanda yenyewe. Washa kompyuta kwanza, redio baadaye, na majaribio ya kurusha yafanyie kwenye antena bandia ya omu 50, inayomeza nguvu badala ya kuirusha hewani.

Ukitaka padeli na kompyuta kwenye tundu moja, kuziunga sambamba hakusaidii: redio ikiwa kwenye padeli, kompyuta itatoa nukta tupu. Weka redio kwenye kibonyezo cha kawaida, kisha padeli na kompyuta zote ziingie kwenye WinKeyer, chipu inayotengeneza Morse. Chipu hiyo hupokea herufi kutoka kwa kompyuta kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde na kupima muda yenyewe. Faida yake inasikika: kwa maneno 20 kwa dakika nukta ni milisekunde 60 (gawanya 1200 kwa idadi ya maneno), na kompyuta yenye shughuli nyingi huzichelewesha, herufi zikachechemea.

Mwisho, mawimbi ya redio yenyewe. USB ikikatika au kibonyezo kikiganda unaporusha wati 100, shusha hadi wati 5. Tatizo likitoweka, sakiti yako ni nzima, na mawimbi ndiyo yanayoingia kwenye kebo. Zungusha kebo mara 5 hadi 7 kwenye pete ya feraiti (kifaa cha kuzuia mawimbi kwenye kebo) ya aina ya mchanganyiko 31 upande wa kompyuta, na ulehemu kapasita za nanofaradi 10 kutoka ncha na pete hadi mwili, ndani ya kitako cha padeli. Lisipotoweka hata kwa wati 5, rudi kwenye plagi.