Gwaride la 4 Julai: jinsi ya kuifaidi siku

Kama hii ni mara yako ya kwanza kuwa Marekani tarehe 4 Julai, Siku ya Uhuru wao, usijifungie ndani na runinga. Nenda kwenye gwaride la mji mdogo. Mimi nalipenda la Bristol, Rhode Island. Wanaadhimisha tangu 1785, miaka 9 tu baada ya Azimio la Uhuru, na mstari wa katikati ya barabara wameupaka nyekundu, nyeupe na bluu.

Wahi. Barabara hufungwa, kwa hiyo egesha gari mbali utembee. Unapochagua pa kukaa, fikiria kivuli kitakuwa wapi saa tano, maana cha saa moja kitakuwa kimehama. Beba kiti cha kukunja, kofia na maji mengi. Ngoma kubwa ya bendi utaisikia kifuani kabla hujaiona. Wakipita wazee waliopigana vita, simama upige makofi. Mimi hapo hulengwa na machozi kila mwaka.

Fataki husubiri giza, na jua la Julai huchelewa kuzama, basi walaze watoto mchana.

Vijiti vya cheche, vile vya waya vinavyoshikwa mkononi na kurusha cheche vikiwashwa, ndivyo vinavyonitia hofu. Uliza kwanza kama jimbo lako linaviruhusu. Moto wake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na waya hubaki na joto hata ukizimika. Mpwa wangu aliuokota mmoja kwenye nyasi, ukamwachia mstari mwekundu kiganjani. Weka ndoo ya maji karibu, kila waya utumbukizwe humo papo hapo.