Umenyimwa mafao ya ulemavu? Haya yaangalie kabla ya kukata rufaa

Hapa Zanzibar, barua ya kukataliwa mafao ikifika, wengi hukimbilia kutafuta mtu anayejuana na mtu ofisini. Huyo mwache kwanza, uisome barua. Unachokitafuta humo ni sababu. Michango haikutimia? Karatasi zimepungua? Au bodi ya madaktari imeona bado unaweza kufanya kazi? Kila sababu ina jibu lake, na anayepeleka risiti za mshahara kujibu hoja ya madaktari amepoteza nauli. Kama umeambiwa kwa mdomo, omba uandikiwe. Juu ya bahasha andika tarehe uliyoipokea, maana rufaa ina muda wake. Muda huo usipotajwa kwenye barua, uulize siku hiyo hiyo.

Hakikisha pia unabisha mlango wenyewe. Hifadhi ya jamii si jambo la Muungano. Aliyeajiriwa huku, Serikali ya Zanzibar au hotelini, mfuko wake ni ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 2 ya 1998. Maelezo ya NSSF, mfuko wa Bara, yanayozunguka WhatsApp hayakuhusu, ila kama uliwahi kuajiriwa Bara na ukachangia huko. Na Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 ni kitu chengine kabisa: ni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, haiulizi mchango wala maradhi.

Kama tatizo ni michango, omba taarifa yako ya michango uilinganishe na risiti za mshahara mwezi kwa mwezi. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Hapo risiti ndizo zitakazokusemea. Tazama na majina: kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Mwanakhamis, kazini wameandika Mwanahamisi, hospitali wameacha jina la babu. Kwa karani wa masjala hao ni watu watatu.

Lakini rufaa nyingi, kwa mtazamo wangu, hushinda au huanguka kwenye ripoti ya daktari. Chukua mpishi wa hoteli ya Kiwengwa aliyeumia mgongo. Cheti chake kinasema: "Maumivu ya mgongo, apumzike." Bodi itafanya nini na maneno hayo? Mgongo unamuuma nusu ya kisiwa. Ripoti yenye nguvu itasema ameanza kuumwa lini, ametibiwa nini na wapi, picha zimeonesha nini, hawezi kusimama jikoni zaidi ya muda gani, hawezi kunyanyua sufuria, na kama kuna tamaa ya kupona. Daktari hayajui mambo ya jikoni kwako. Mwandikie kwenye karatasi kazi zako za kila siku, umpe kabla hajakaa kuandika, na umuombe aweke jina, cheo, tarehe na muhuri. Faili likiwa Pemba, hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee, na bodi inakaa Mnazi Mmoja, Unguja, usitegemee litasafiri lenyewe. Omba nakala uende nayo mkononi.

Siku ya bodi, adabu zetu zinaweza kukuponza. Daktari anauliza, "Hali yako?" Unajibu, "Alhamdulillahi, nzuri." Kalamu imeshaandika. Mshukuru Mola, kisha endelea hapo hapo: usiku silali, ngazi sipandi, kilemba nafungiwa na mwanangu. Usiongeze chumvi, usijikaze pia. Anayekuhudumia nyumbani aende nawe, yeye anayaona unayoyaficha. Na kama bahari au maradhi yatakuzuia kuvuka, peleka barua kabla ya siku yenyewe.

Barua ya sheha ichukue, inathibitisha unakoishi na hali ya nyumba, ila haithibitishi ulemavu.

Rufaa yenyewe ukurasa mmoja unatosha: namba ya uanachama, tarehe ya barua ya kukataliwa, sababu waliyoitoa, jibu lako, na orodha ya viambatisho. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi irudi nawe. Asili za vyeti zibaki nyumbani. Ukikwama kuandika, au ukipita muda bila jibu, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba, na wasaidizi wa sheria wako wilayani. Nenda na ile nakala yenye muhuri, ndiyo watakayokuuliza mwanzo.