Jinsi ya Kuandaa na Kuwasilisha Ripoti ya Mwaka ya Tribal MIECHV

Tribal MIECHV (Maternal, Infant, and Early Childhood Home Visiting, tawi la makabila) ni ruzuku ya serikali ya shirikisho ya Marekani inayolipia wahudumu wanaowatembelea nyumbani wajawazito na familia zenye watoto wadogo katika jamii za Wamarekani Asilia na wenyeji wa Alaska. Ilianza 2010. Sheria iliyopitishwa Desemba 2022 ikapandisha fungu la makabila kutoka asilimia 3 hadi asilimia 6 ya fedha za mpango mzima wa ziara za nyumbani. Ruzuku ya majimbo iko mikononi mwa HRSA (idara ya rasilimali na huduma za afya), ya makabila iko kwa ACF (idara ya watoto na familia), na ofisi zote mbili ni za wizara ya afya, HHS. Shika tofauti hiyo tangu mwanzo, maana maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni ni ya majimbo. Fomu zake zinafanana na za makabila lakini si zilezile.

Mwongozo huu ni kwa wenzetu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaofanya kazi za afya ya jamii huko Marekani, ambao wanaweza kujikuta wameajiriwa na kabila kama waratibu wa takwimu au wasimamizi wa wahudumu. Kazi hii inahitaji uangalifu wa namba, na inahitaji heshima zaidi.

Anza na hati ya ruzuku, Notice of Award. Humo ndimo mlimo tarehe za kuwasilisha, masharti ya ruzuku yenu na mfumo wa kutumia. Usitegemee tarehe za mwaka jana wala za kabila jirani. Kisha pata fomu zinazotumika sasa: Fomu ya 1, inayohusu idadi na hali za familia na huduma zilizopokelewa, na Fomu ya 2, ya vipimo vya utendaji. Juu ya kila fomu pana nambari ya OMB, ofisi ya bajeti ya serikali inayoidhinisha fomu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Zikague, kwa kuwa vipimo hubadilishwa, na ukijaza toleo la zamani utarudia kazi yote.

Hatua ya pili wengi huiacha hadi mwisho, nami nasema ifanywe mapema: fika kwenye baraza la kabila. Kabila ni serikali, na takwimu za watoto wake ni mali yake kabla hazijawa za Washington. Uliza nani anaidhinisha ripoti, anahitaji wiki ngapi kuisoma, na kama kuna kamati ya maadili ya utafiti inayopaswa kuhusishwa. Navajo, kwa mfano, wana bodi yao wenyewe ya kupitia utafiti unaowahusu watu. Ukishangaa kwa nini watu wako makini hivyo, soma yaliyowapata Wahavasupai, kabila la Grand Canyon huko Arizona. Katika miaka ya 1990 walitoa damu wakiamini ni kwa utafiti wa kisukari, halafu ikatumika kwa tafiti nyingine ambazo hawakuziridhia. Shauri walilofungua mahakamani lilimalizika 2010 kwa makubaliano ya kulipwa dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zao. Mama anayesita kumjibu mhudumu wako ana sababu ya kusita.

Kwa hiyo mhudumu aeleze mapema, kwa maneno mepesi, kwamba kinachotumwa serikalini ni jumla tu: wangapi, asilimia ngapi. Majina na anwani hazitumwi. Familia ikikataa swali fulani, andika kwamba jibu halipo. Fomu ya 1 ina nafasi ya taarifa zisizojulikana, na nafasi hiyo ni ya kutumiwa kwa uaminifu. Usikisie kipato cha mtu kwa kuangalia nyumba yake.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. Mwaka wa ripoti huanza Oktoba 1 na kuisha Septemba 30. Fomu ya 1 si ngumu: wazazi na watoto walioandikishwa mwaka huo na wale waliokuwapo tangu awali, umri, elimu, ajira, makazi, bima ya afya, lugha ya nyumbani, idadi ya ziara, na waliomaliza au kuacha. Kinachochosha ni majumlisho, kwa sababu jedwali moja lisipolingana na jingine itabidi upekue mafaili hadi uione familia iliyohesabiwa mara mbili.

Ugumu uko kwenye Fomu ya 2. Vipimo vyake vinagusa mambo kama uchunguzi wa sonona kwa mzazi, ukatili wa mwenza, ukuaji wa mtoto, kliniki za mtoto na usimamizi wa wahudumu. Kila kipimo ni sehemu yenye kiasi na asili, na makosa mengi hutokea kwenye asili, yaani namba ya chini. Tuseme maelezo ya kipimo yanataka mzazi achunguzwe sonona ndani ya miezi mitatu tangu aandikishwe. Mama aliyeandikishwa Agosti 20 ana muda hadi Novemba, na mwaka unafungwa Septemba 30. Ukimweka kwenye asili ilhali hajachunguzwa, utaonekana umeshindwa wakati muda wake haujaisha. Ukimtoa bila kufuata maelezo, umepamba matokeo. Soma maelezo ya kila kipimo neno kwa neno, andika pembeni nani anaingia na nani haingii, na karatasi hiyo ikae ofisini ili atakayekuja baada yako ahesabu vilevile.

Kagua takwimu kila mwezi pamoja na wahudumu. Fomu ya uchunguzi iliyokosa tarehe inarekebishika wiki hiyohiyo. Mwezi wa kumi mhudumu atakuwa amesahau, au ameshaacha kazi. Msipoelewa kipimo, ACF hulipia wataalamu wa kuwasaidia makabila, na msaada wao hamtozwi.

Kwenye maelezo ya ripoti, sema yaliyotokea. Kama ziara zilipungua kwa sababu barabara zilifungwa na theluji au wahudumu wawili waliondoka, andika hivyo. Asilimia ndogo yenye maelezo inaeleweka; isiyo na maelezo huleta maswali.

Ripoti ya fedha, SF-425, ni kazi ya ofisi ya fedha ya kabila na hupitia Payment Management System, mfumo wa serikali wa kulipia ruzuku. Waarifu tarehe yake mapema na hakikisha kipindi wanachoripoti ni kile kilichotajwa kwenye hati ya ruzuku.

Baada ya kuidhinishwa na baraza, wasilisha siku kadhaa kabla ya mwisho, hifadhi uthibitisho, na tarajia kuulizwa ufafanuzi. Kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha iwasilishwe. Mkitoa muhtasari kwa umma, angalieni namba ndogo: katika kijiji cha familia chache, "mzazi 1" anajulikana na kila mtu.

Na kama kipimo fulani hakiendani na malezi ya jamii hiyo, mnaweza kusema. Kabla fomu hazijahuishwa, serikali hutangaza kwenye Federal Register, gazeti lake rasmi, na kupokea maoni kwa siku 60, kisha siku 30 nyingine. Barua ya kabila inayoeleza saa ambazo wahudumu wanatumia kujaza fomu badala ya kukaa na mama na mtoto inaruhusiwa kabisa kwenye maoni hayo.