Jinsi ya kusoma fasihi ya Kiingereza chuoni bila kutegemea miongozo

Mwanafunzi anayeanza stashahada ya fasihi ya Kiingereza katika chuo kidogo cha karibu na nyumbani, ambaye pengine aliliacha somo hili tangu kidato cha nne, hukimbilia kwanza vibanda vya fotokopi kama vile vya Wandegeya jijini Kampala, ambako mwongozo hupatikana kwa bei nafuu kuliko kitabu chenyewe. Usianzie hapo. Mimi niliwahi kukariri mwongozo uliokosea jina la mhusika, nikaliandika hivyo hivyo katika insha tatu.

Kitabu kisome mara mbili. Mara ya kwanza kisome mfululizo, bila kamusi, upate kujua kinachotokea; mara ya pili shika penseli na uandike pembeni maswali, si majibu. Kitabu cha maktaba kiwekee vipande vya karatasi.

Ushairi huwatisha wengi, ingawa aliyewahi kuhesabu mizani nane kwa nane za tarbia ana mtaji tayari. Soneti ya Shakespeare ina mishororo 14: mafungu matatu ya mishororo minne yenye vina vinavyopishana, kisha miwili ya mwisho yenye kina kimoja. Kila mshororo una takriban silabi 10, lakini kuhesabu silabi pekee hakutoshi, kwa sababu Kiingereza hutembea kwa mkazo: silabi isiyo na mkazo hufuatwa na yenye mkazo, mara tano. Soma kwa sauti huku ukigonga meza kwa kidole. Pale mdundo unapovunjika, simama na ujiulize kwa nini, kisha angalia mshororo wa 9 na ile miwili ya mwisho, ambako hoja hupenda kugeuka.

Kwa vitabu vya hapa kwetu hatari ni nyingine: Kiingereza chake huonekana chepesi kiasi kwamba msomaji hupita juu ya jambo zito bila kujua. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alitunga shairi refu la Song of Lawino kwa Kiacholi, akaitafsiri mwenyewe, nayo ikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Boga linalotajwa humo limetoka katika methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga la kwenye boma la zamani, hata kama wenyewe wamehama. Asiyeijua ataandika kurasa mbili kuhusu kilimo. Kama darasani mna mwenzenu anayetoka Gulu, kaskazini mwa Uganda kunakozungumzwa Kiacholi, muulize, kwa kuwa kamusi haitakusaidia.

Katika insha, usisimulie hadithi upya, maana mtahini ameisoma. Toa hoja, nukuu maneno machache, kisha eleza kwa nini mwandishi alichagua neno hili na si jingine; sehemu hii ya tatu ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye alama. Swali la dondoo lina utaratibu wake: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetangulia na nini kitafuata, halafu mbinu za lugha zilizotumika.

Ukishaandika rasimu yako ya kwanza, sasa fungua mwongozo, uusome ukiwa na penseli ileile, na uweke alama kila mahali ambapo hukubaliani nao, ukiandika kando ukurasa wa kitabu unaokuunga mkono.