Rangi Inayobanduka Kwenye Gari-nyumba: Namna ya Kuirekebisha kwa Gharama Ndogo

Ukikwangua ganda la rangi lililobabuka kwenye ubavu wa gari-nyumba, usilitupe. Ligeuze utazame mgongo wake. Ganda hilo dogo litakuambia ni kitu gani kilichoiua rangi, na kila hatua ninayoeleza hapa inategemea jibu hilo.

Nilijifunza hili kwa kurudia kazi. Gari-nyumba la kwanza nililolishika lilikuwa la faiba (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo), na chini ya dirisha moja rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nilikwangua, nikapiga msasa, nikapaka, likang'aa. Mvua za kwanza zilipokwisha, malengelenge yakarudi palepale. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kona ya juu ya dirisha, yakishuka ndani ya ukuta na kuisukuma rangi kutoka nyuma. Rangi yangu haikuwa na kosa, ila nilikuwa nimeipaka juu ya ukuta uliolowa.

Hatua ya 1: Soma ganda

Kama ganda ni jembamba na unaona mwanga ukipita, mfano wa karatasi ya nailoni, basi kilichokufa ni klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, peke yake. Jua limeichoma. Hii ndiyo hali ya kawaida kwenye paa la mbele, juu ya kabini na upande ambao gari huegeshwa ukielekea jua.

Kama mgongo wa ganda ni safi na laini, na sehemu uliyoitoa inang'aa kama bati jipya, rangi haikuwahi kushika. Aliyepaka hakuikwaruza faiba, au aliipaka alumini bila praima yake, yaani rangi ya msingi ya kushikishia. Hapo usitarajie kuokoa sehemu kubwa, kwa sababu hata rangi inayoonekana nzima imekaa tu juu, haijang'ang'ania chochote.

Kama mgongo una vumbi jeupe linalobaki kidoleni, angalia gari ni la nini. Kwenye faiba, hilo ni jelkoti ya zamani (ngozi ngumu ya nje ya faiba) iliyogeuka chokaa kwa jua, na mtu akapaka juu ya chokaa hiyo. Kwenye alumini, unga mweupe ni kutu ya alumini, na mara nyingi kutu hiyo huwa na maji nyuma yake. Ukikuta unyevu, weusi wa ukungu au harufu ya mbao zilizooza, weka msasa chini. Kazi yako ya kwanza si rangi.

Hatua ya 2: Zuia maji

Pita kwenye kila ungio: fremu za madirisha, taa za juu, reli za pembeni, ngazi, mahali paa linapokutana na ukuta. Bonyeza ukuta kwa kiganja chini ya kila dirisha. Ukibonyea au ukitoa sauti tofauti na sehemu nyingine, maji yameshaingia.

Gundi ya zamani iliyokakamaa itoe yote kwa kisu cha plastiki. Kupaka gundi mpya juu ya ile iliyopasuka hakuzuii maji, kunaficha ufa tu. Na hapa kuna jambo ambalo limeharibu kazi nyingi: silikoni ya kawaida haishiki rangi, na mabaki yake huifanya rangi ijikunje na kuacha vijitundu kama macho ya samaki. Tumia gundi ya poliyurethini inayokubali kupakwa rangi. Nyuma ya fremu na reli unazozifungua, weka utepe wa butili, mpira laini unaonata.

Kisha acha ukuta ukauke. Siku kadhaa za jua, madirisha wazi, kabati za ndani zimefunguliwa. Ninajua inachosha kungoja wakati vifaa vimeshanunuliwa, lakini ukifunga unyevu chini ya rangi mpya, utaukuta tena.

Hatua ya 3: Weka mipaka ya kazi

Chukua wembe, uchore kwenye rangi inayoonekana nzima mistari sita iliyosimama na sita ya kulala, ikiachana milimita 2 hivi, hadi ufike chini ya rangi. Bandika tepu yenye gundi kali, isugue kwa kidole, kisha ivute kwa haraka. Vijiraba vikibaki mahali pake, rangi hiyo inaweza kubaki kama msingi. Vikitoka na tepu, rangi hiyo lazima iondoke, hata kama macho yanasema ni nzima. Fanya hivi sehemu nne au tano za kila upande.

Usipange kupaka kiraka katikati ya ukuta. Rangi ya zamani imeshafifia, na kiraka kitaonekana kutoka mbali hata ukichanganyiwa rangi kwa usahihi. Paka hadi kwenye ukomo wa asili: ungio la bamba, reli, kona, au mstari wa mapambo. Kama hakuna ukomo, utengeneze kwa kuongeza mstari wa rangi nyingine unaopita pale rangi mpya inapokutana na ya zamani. Ili kulinganisha rangi, fungua kifuniko kidogo cha tangi la mafuta uende nacho dukani, maana kimefifia sawa na gari.

Kuhusu fedha: kwenye kazi zangu msasa, praima, tepu na gundi ya maungio hula zaidi ya rangi yenyewe, na mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Bana matumizi kwenye vifaa vya kupakia. Kompresa na bunduki ya rangi huvihitaji. Kwa rangi, chagua enameli ya boti ya kopo moja, iliyotengenezwa kwa brashi na rola. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Ubavu wenye urefu wa mita 7 na kimo cha mita 2.2 ni mita za mraba 15.4, kwa hiyo mikono miwili itataka lita 3 hivi.

Rangi za makopo mawili, zile zinazochanganywa na kikaushio, ni ngumu na hudumu zaidi. Lakini nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na ukizipulizia, barakoa ya kawaida haitoshi kukulinda. Ziachie karakana yenye vifaa vya hewa safi. Chagua pia rangi ya kung'aa isiyo ya giza, kwa kuwa rangi nyeusi hulipasha joto bamba la faiba na kuyachosha maungio.

Hatua ya 4: Osha kabla ya kugusa msasa

Mpangilio huu usiugeuze. Ukianza na msasa, nta na mafuta ya barabarani husukumwa ndani ya mikwaruzo, na hayatoki tena. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, suuza sana, acha pakauke. Kisha chukua vitambaa viwili: kimoja kimelowa kiondoa nta, kingine kikavu. Futa kwa kilicholowa, na kabla hapajakauka, futa kwa kikavu. Ukiacha dawa ikauke yenyewe, uchafu hubaki palepale ulipokuwa.

Mwagia maji safi. Yakitandaa kama shuka, pamekuwa safi. Yakijikusanya matone, bado kuna nta, rudia.

Mistari ya mapambo ya vinaili iondoe sasa kwa kuipasha na mashine ya kukaushia nywele, ukiivuta taratibu kwa pembe kali. Kama una mashine ya maji ya nguvu, isielekeze kwenye maungio uliyoyaziba.

Hatua ya 5: Kukwangua na msasa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nisipokubali njia ya mkato. Vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu, maana vumbi la faiba huwasha ngozi na halifai kifuani. Kama rangi ni ya zamani sana inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, ndani yake. Pima kwanza kwa kipimo cha risasi, na ukiikuta usiisage ikiwa kavu.

Kwangua kila kinachokubali kutoka, ukitumia chuma chenye kona zilizoviringwa kidogo ili kisichimbe. Usitumie dawa kali ya kuyeyusha rangi kwenye faiba, kwani inaweza kula jelkoti na hata faiba yenyewe. Usitumie pia moto wala kipuliza joto kikali. Kuta nyingi za magari-nyumba ni tabaka zilizogundishwa pamoja na povu au mbao, na joto huilegeza gundi ya ndani. Bamba likishaachana na ukuta, gharama yake haifanani kabisa na ya rangi.

Sasa ukingo ambapo rangi ya zamani inaishia. Anza na msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi) kwenye kibao, sugua kuvuka ukingo, ongeza namba 120, halafu 180. Fumba macho upitishe vidole. Kidole kikihisi ngazi, rangi mpya itaionyesha ngazi hiyo, tena zaidi ikiwa ya kung'aa. Endelea mpaka kidole kisijue rangi ilikoishia. Kwangu ukingo mmoja wenye ukubwa wa kiganja hula dakika kumi na tano, na siuhesabii kuwa muda uliopotea.

Kama kilichokufa ni klia tu, usidanganyike kuongeza klia mpya juu ya kidonda. Ukingo wa klia ya zamani utaendelea kunyanyuka na kuichukua mpya. Iondoe klia ya bamba zima hadi ukomo, kisha paka rangi kamili.

Sehemu nzima iliyobaki ipitishie namba 220 au 320 ya maji mpaka mng'ao wote ufe. Kwenye alumini usitumie pamba ya chuma wala brashi ya chuma. Vipande vyake hujichomeka kwenye alumini na kuanzisha kutu mahali ambapo haikuwepo.

Hatua ya 6: Puti

Puti, ile dawa ya kujazia mashimo, ni ya mabonde madogo tu. Puti ya polyesta ishike kwenye faiba au alumini iliyokwaruzwa na kusafishwa, isikae juu ya praima ya asidi, kwa sababu asidi huizuia kukomaa. Isawazishe kwa namba 120 kisha 220.

Hatua ya 7: Praima

Alumini iliyowekwa wazi hujenga utando wa oksaidi mara tu inapokutana na hewa, na utando huo huzidi kadiri unavyochelewa. Kwa hiyo usikwangue leo ukapaka wiki ijayo. Ikwaruze asubuhi, ifute, ipige praima siku hiyohiyo. Praima ya epoksi hushika vizuri kwenye alumini na pia kwenye faiba, na huiziba puti. Praima ya asidi nayo ni nzuri kwa alumini tupu, ila usiweke epoksi juu yake isipokuwa maelezo ya kopo yanaruhusu. Epoksi na tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) hutoa mvuke, kwa hiyo vaa glavu na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Ile ya vumbi haizuii mvuke.

Ikikauka, namba 320 kwa mkono mwepesi. Palipotoboka, rudishia praima.

Hatua ya 8: Rangi, rola mbele na brashi nyuma

Fanya kazi kivulini, bamba likiwa limepoa. Zunguka na kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki mchana. Usianze kabla umande haujakauka, na usimalizie jioni ambapo umande mpya utaikuta rangi mbichi na kuufifisha mng'ao. Lowesha ardhi kuzunguka gari ili vumbi lisipande.

Chuja rangi kwa soksi safi ya nailoni. Pakaza kwa rola ya sponji, ukanda uliosimama wenye upana wa nusu mita, kutoka juu hadi chini. Papo hapo chukua brashi laini, kavu, ishike kama kalamu, na ipitishe kwa ncha tu, kutoka ukanda mpya kuelekea ule uliotangulia. Mapovu ya rola hupasuka na rangi hujilaza. Ukikandamiza, utaacha mifereji. Watu wawili ni bora, mmoja rola, mwingine brashi, kwa kuwa ukingo ukishakauka hautaungana tena.

Paka chembamba. Rangi nene hutiririka machozi, na ndani hubaki laini kwa majuma. Ikiwa brashi inakokota, ongeza tina kidogo kwa kiwango ambacho kopo linaruhusu. Ukiona sehemu umeiruka na rangi imeshaanza kukamata, iache. Mkono wa pili utaifunika, lakini alama ya kuirudia haitafunikika.

Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, piga msasa namba 320 kwa wepesi, futa vumbi, kisha mkono wa pili.

Hatua ya 9: Baada ya mkono wa mwisho

Vua tepu ya karatasi rangi ikiwa bado haijakakamaa, ukiikunja kujirudia yenyewe. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta usivifinyange kwenye ndoo au mfuko, kwa sababu huweza kujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vianike kimoja kimoja nje, au vitumbukize kwenye maji ndani ya chombo cha bati chenye kifuniko.

Rangi itaonekana kavu kesho, ila haijakomaa. Kwa majuma mawili usiioshe kwa sabuni, na nta isubiri mwezi mzima au zaidi.

Rangi iliyobaki imimine kwenye chupa ndogo ya kioo hadi karibu na mdomo, ili hewa isiikaushe, na uiweke ndani ya gari pamoja na kipande cha msasa. Jiwe la barabarani likitoa doa, liguse siku hiyohiyo, kabla maji hayajaingia chini ya ukingo wake.