Somo: Kuskani tiketi, risiti na karatasi nyingine za safari kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu cha kidijitali

Wanachama kadhaa wameomba somo hili baada ya kuona kurasa nilizotengeneza kutokana na karatasi za safari za familia yetu: tiketi za boti ya Mokowe, tiketi za basi la Malindi na Mombasa, stakabadhi za kuingilia Ngome ya Lamu na magofu ya Gedi, na vipeperushi vya Maulidi. Nitaeleza hatua kwa hatua namna ninavyofanya kazi hiyo hapa Lamu, mahali ambapo unyevu na chumvi haviipi karatasi nafasi ya kungoja.

Hatua ya kwanza ni kupanga, na hapa ndipo wengi hukosea. Watu huanza na safari ya zamani zaidi, wakidhani kwamba karatasi kongwe ndiyo iliyo hatarini. Mimi huanza na ile itakayofutika mapema, ambayo mara nyingi ni ya juzijuzi. Tiketi ya zamani iliyochapwa kwa wino, au kuandikwa kwa kalamu na kupigwa muhuri, inaweza kukaa kashani miaka 40 ikasomeka bila taabu. Lakini risiti nyororo ya siku hizi, ile inayotoka kwenye kimashine kidogo cha mkononi, haina wino kabisa. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto, na dawa hiyohiyo hufifia kwa jua, mafuta ya mikono, gundi na baadhi ya plastiki laini. Kuitambua ni rahisi: kwaruza pembe yake kwa ukucha, na ikiacha alama nyeusi basi ndiyo yenyewe, iwekwe mbele ya zote.

Nililijifunza jambo hili kwa hasara. Tiketi ya safari niliyompeleka mama Mombasa kutibiwa macho niliitia katika kijifuko cha plastiki, nikakiweka juu ya rafu karibu na dirisha, nikijiona mtunzaji hodari. Haikupita miaka miwili ikawa karatasi nyeupe. Kilichosalia ni upande wa nyuma, ambako mama mwenyewe alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto: "halwa ratili mbili, udi, dawa ya matone." Tangu siku hiyo siskani upande mmoja tu wa karatasi yoyote, hata kama nyuma yake naona doa la chai na namba ya kiti peke yake.

Hatua ya pili ni kusafisha. Tumia brashi laini na kavu, kama ile ya kupakia rangi za maji, uifagie karatasi kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa kuwa chembe moja ya mchanga wa Shela inatosha kuchora mstari kwenye kioo cha skana, na mstari huo utaonekana katika kila picha utakayotoa baadaye. Kioo nacho kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ikibidi kutumia maji ya kusafishia, yatie kwenye kitambaa, usiyanyunyize juu ya kioo, maana hupenya pembeni yakaingia ndani ya mashine. Karatasi iliyokunjamana usiipige pasi. Iweke katikati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu vizito kwa siku mbili au tatu, nayo itanyooka kiasi cha kutosha. Mikunjo iliyobaki iache ilivyo, kwa sababu tiketi iliyosafiri katika mfuko wa kanzu ina haki ya kuonekana hivyo.

Hatua ya tatu ni mipangilio ya mashine. Ubora wa skani hupimwa kwa nukta katika kila inchi, zile ambazo skana huziandika DPI. Kadi ya posta ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 300 itatoa picha ya pikseli (yaani vinukta vinavyounda picha) 1200 kwa 1800, ambayo inatosha ukitaka kuichapa tena kwa ukubwa uleule. Tiketi ya boti yenye upana wa inchi 2 ikiskaniwa hivyo itatoa pikseli 600 tu upande huo, na ukitaka ijaze ukurasa mzima itatoka na ukungu. Kwa hiyo vitu vidogo, kama tiketi, stempu na lebo za mizigo, viskaniwe kwa nukta 600 au hata 1200, na vikubwa kama ramani viachwe kwenye 300. Usichague namba kubwa kwa kila kitu kwa kudhani kwamba ndiyo bora: karatasi ya A4 yenye rangi, kwa nukta 300 na bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 26, na kwa nukta 600 huchukua mara nne ya hapo.

Skani kwa rangi, hata kama maandishi ni meusi matupu. Manjano ya karatasi iliyozeeka na zambarau ya muhuri ni sehemu ya kumbukumbu. Kwa sababu hiyohiyo zima marekebisho ya kujiendesha, kwani mashine huiona manjano hiyo kuwa kosa na kuifanya nyeupe kama karatasi iliyonunuliwa leo.

Hatua ya nne ni kuilaza karatasi kwenye kioo. Kamwe usiipitishe tiketi ya zamani katika tundu la kuvuta karatasi lililo juu ya mashine. Likiitafuna hakuna fundi atakayeirudisha. Ikiwa karatasi ni nyembamba na maandishi ya nyuma yanajitokeza mbele, weka kadi nyeusi juu yake kabla ya kufunga kifuniko. Kifuniko cheupe hurudisha mwanga kupitia karatasi na kubeba maandishi ya nyuma, ilhali kadi nyeusi huumeza mwanga huo. Acha pia nafasi kidogo pande zote, ili kingo zilizochanika na matundu ya kondakta yaonekane. Kukata utakata baadaye kwenye kompyuta.

Kuhifadhi hakuna mengi. Nakala ya asili iwe faili la aina ya TIFF, na nakala ya kuchezea iwe la aina ya JPEG, kwa kuwa JPEG hupungua ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Jina la faili lianze na mwaka wa safari, kwa mfano 2019-08-14_Mokowe-Lamu_boti_mbele, ili mafaili yajipange yenyewe. Tarehe ambayo kompyuta huiweka ni ya siku ya kuskani, si ya siku uliyosafiri. Weka nakala moja nje ya kisiwa, kwa ndugu aliye bara au kwenye hifadhi ya intaneti. Karatasi zenyewe usizitupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Langoni: Assalaam aleykum, maalim. Sina skana, nina simu tu. Je, kazi hii nitaiweza?

Jibu: Wa aleykum salaam. Utaiweza, ila kwa nidhamu. Kaa kwenye daka la nyumba asubuhi, penye kivuli chenye mwanga mwingi, uiweke karatasi juu ya kitambaa cheusi kilichonyooshwa, na simu iwe sambamba nayo kabisa, kwani ikiinama kidogo tiketi itatoka na umbo la tanga. Zima taa ya simu. Programu za kuskani nyaraka hupenda kugeuza kila kitu kuwa cheusi na cheupe. Tafuta palipoandikwa rangi asilia, au tumia kamera ya kawaida.

Swali kutoka Malindi: Vipeperushi vyangu vya hoteli vinatoka na mawimbi ya ajabu kama kitambaa cha hariri, ilhali kwa macho siyaoni. Skana imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, dada yangu. Picha za vipeperushi huchapwa kwa vidoti vidogo sana vilivyopangwa kwa safu, na safu hizo zikigongana na safu za nukta za skana huzaa mawimbi hayo. Tafuta katika mipangilio sehemu ya kuondoa vidoti vya uchapaji. Isipokuwapo, skani kwa nukta 600 kisha uipunguze picha hadi nusu.

Swali kutoka Shela: Risiti yangu imeshafifia. Je, nikiitia laminesheni itabaki hivi ilivyo?

Jibu: Usithubutu. Mashine ya laminesheni hufanya kazi kwa joto, na karatasi hiyo hugeuka nyeusi kwa joto, kwa hiyo itatoka nyeusi yote. Iskani leo kwa rangi, kisha uongeze utofauti wa weusi na weupe kwenye kompyuta. Maandishi ambayo jicho limeshayakatia tamaa mara nyingi hurudi kiasi cha kusomeka.

Swali kutoka Mkunguni: Kuna ubaya kuwaonyesha watu pasi yangu ya kupandia ndege?

Jibu: Picha haina ubaya, lakini ule mraba au mistari ya kusomwa na mashine hubeba jina lako na namba ya kuhifadhia nafasi, na mtu mwenye viwili hivyo anaweza kuifungua mtandaoni safari ambayo bado hujaimaliza. Katika nakala ya kuonyesha, ifunike sehemu hiyo, na namba hiyo popote ilipoandikwa, kwa kipande cha rangi. Nakala ya asili ibaki nzima, kwako.