Siku ya Michezo Shuleni kwa Taratibu za Olimpiki

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa kamati ya michezo muhula huu, panga taratibu kwanza, kabla hujanunua hata mita moja ya kamba. Hapa Bukwo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, mbio si tatizo. Tumekulia mlimani, na Peruth Chemutai, aliyetwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Tokyo, ni wa hapa hapa. Kinachoharibu siku ya michezo ni ugomvi: nani katoroka kabla ya filimbi, nani kapendelewa, nyumba ipi (yaani kundi lipi la wanafunzi wanaoshindana) imeibiwa alama. Olimpiki imeishi na ugomvi wa aina hiyo kwa zaidi ya karne moja, na mengi tunayoyaona kama mapambo ya sherehe zake ni dawa ya ugomvi huo.

Kwangu mimi, dawa kubwa ni kiapo. Mwanamichezo wa kwanza kula kiapo cha Olimpiki alikuwa Mbelgiji Victor Boin, mjini Antwerp mwaka 1920. Katika michezo ya majira ya joto, waamuzi walianza kuapa Munich mwaka 1972, na makocha London mwaka 2012. Siku hizi viapo hivyo vitatu vimeunganishwa kuwa kimoja, lakini shuleni mimi huvitenganisha, na cha waamuzi hukipa uzito kuliko vyote. Mwalimu atakayeshika filimbi asimame mbele ya wazazi, mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, na wazee. Ashike ncha ya bendera kwa mkono wa kushoto, ainue wa kulia, na atamke kwa Kiswahili ambacho hata bibi aliyevuka kutoka upande wa Kenya atakielewa: nitaamua bila upendeleo. Mzazi aliyemsikia akiapa huwa mzito kumrukia kwenye mstari wa mwisho. Kapteni mmoja aape kwa niaba ya wakimbiaji wote, na walezi wa nyumba wafuate.

Gwaride nalo lina adabu yake. Tangu mwaka 1928 Ugiriki hutangulia, kwa heshima ya asili ya michezo, na nchi mwenyeji hufunga. Kwa hiyo usitangulize nyumba iliyoshinda mwaka jana. Itangulie nyumba kongwe, na nyumba inayoandaa iingie mwisho. Kwenye Olimpiki za Tokyo na Paris, timu ya wakimbizi iliingia ya pili, nyuma tu ya Ugiriki. Ninaupenda sana mpango huo. Watoto waliohamia shuleni muhula huu, ambao bado hawajazoea nyumba zao, uwape nafasi hiyo ya pili, wapite wakipigiwa makofi na shule nzima.

Bendera muichore wenyewe. Zile pete tano ni mali ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na upo mkataba wa kuzilinda uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Darasa la sita wakipewa kitambaa cheupe na rangi watakuletea kitu kizuri zaidi.

Mwenge ndio watoto huusubiri. Kule Olympia, Ugiriki, moto huwashwa kwa miale ya jua inayokusanywa na kioo kilichobonyea. Lenzi ya kabati la sayansi na nyasi kavu zinatosha. Fanyeni kazi hiyo siku moja kabla, saa nne asubuhi, mawingu ya Elgon hayajashuka, kisha moto ulale ndani ya taa ya chemli. Hata Olympia huweka akiba: Aprili 2024 mbingu ilifunga, wakatumia moto uliowashwa kwenye mazoezi. Taa ibebwe na mwalimu. Mtoto abebe mwenge wenyewe hatua chache za mwisho tu, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Sasa mbio. Mistari ichorwe kwa jivu la jiko la shule. Mkiwa na njia sita na watoto ishirini na wanne wa mita 100, endesheni michujo minne: mshindi wa kila mchujo apite moja kwa moja, nafasi mbili zilizobaki zijazwe kwa muda bora. Njia zipigiwe kura hadharani. Atakayenung'unikia njia ya kwanza, mwambie habari za John Akii-Bua. Munich, 1972, fainali ya mita 400 kuruka viunzi, alipangiwa hiyo hiyo njia ya ndani kabisa, yenye kona kali. Akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Muda upimwe na walimu watatu wenye stopwochi. Wawili wakilingana, huo ndio muda; wote wakitofautiana, chukua wa katikati. Na anayehesabiwa kufika ni kiwiliwili, si kichwa wala mkono ulionyooshwa.

Mbio ndefu kuliko zote ziwe za mwisho, na medali zake zitolewe wakati wa kufunga. Agosti 2012 Stephen Kiprotich alivishwa dhahabu ya marathoni katika sherehe ya kufunga Olimpiki ya London, na wimbo wetu wa taifa ukapigwa dunia nzima ikitazama. Wanaoingia kufunga wasiingie kwa nyumba. Mpango huo ulianza Melbourne mwaka 1956, mwaka ambao Uganda ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza: kijana John Ian Wing aliwaandikia waandaaji barua akiomba wanamichezo waingie wamechanganyika kama taifa moja, wakamkubalia.

Mwisho, bendera. Meya wa mji unaomaliza humrudishia rais wa Kamati ya Kimataifa, naye humkabidhi meya wa mji unaofuata. Kwenu, mwalimu mkuu aipokee na kuikabidhi nyumba itakayoandaa mwakani, na mwenyekiti wa kamati yao atangazwe papo hapo, ili kazi ya kutafuta stopwochi, kamba na lenzi ianze muhula wa kwanza.